Amana Iliyo Mikononi mwa Fundi

Kitu cha kale huwa na wenyewe wengi kuliko yule anayekimiliki. Aliyekibuni ana sehemu yake. Aliyekitumia hadi kufa kwake ana sehemu yake. Na yule ambaye hajazaliwa, atakayekikuta siku moja kabatini na kutaka kukijua, naye ana haki ambayo hawezi kuidai kwa kuwa bado hana ulimi. Kwa hivyo fundi anayeshika bisibisi mbele ya mtambo mkongwe hayuko peke yake chumbani. Kila skrubu anayoilegeza huilegeza mbele ya mashahidi. Suala lenyewe ni hili: je, yajuzu kukifungua kitu cha kale na kukitia kiungo ambacho aliyekitengeneza hakukiwazia? Na ikiwa yajuzu, mpaka wake uko wapi?

Suala hilo limezoeleka linapohusu nyumba za mawe, milango ya nakshi au vyombo vya baharini. Halijazoeleka linapohusu kompyuta, kwa sababu kompyuta hudhaniwa kuwa kitu cha leo ambacho kesho hutupwa. Lakini kompyuta nazo zimezeeka. Apple II ilitoka mwaka 1977. Commodore 64 na ZX Spectrum zilitoka mwaka 1982. Amiga 1200, miongoni mwa za mwisho wa kizazi hicho, ilitoka mwaka 1992. Nyingi kati ya hizo ziliunganishwa na televisheni ya sebuleni, na kazi zake zikahifadhiwa katika kaseti au diski laini. Sidii, ile diski ing'aayo inayosomwa kwa mwanga, iliingia sokoni mwaka huo huo wa 1982 kupitia Philips na Sony, ikiwa chombo cha muziki. Ilichelewa kufika katika kompyuta, na nyingi kati ya mashine hizo za nyumbani hazikukutana nayo katika uhai wao. Leo wako mafundi na wapenzi wa vitu vya kale, Ulaya, Japani na Marekani, wanaozifungua mashine hizo na kuzitia ndani yake kisoma sidii, kama kwamba zilizaliwa nacho.

Katika pwani ya Afrika Mashariki mashine hizo zilikuwa adimu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ingawa zuio hilo lililegezwa katika miaka ya 1980, kompyuta ya nyumbani ilibaki kuwa habari ya kusimuliwa na waliosafiri. Lakini Pemba ina jamaa ng'ambo. Wengi walivuka kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba, hasa baada ya mwaka 1964, na huko, katika miaka ya 1980, kompyuta mojawapo iliyoingia majumbani ilikuwa na jina la Kiarabu: Sakhr, yaani mwamba. Ilitolewa na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, iliyoasisiwa mwaka 1982 na Mohammed Al-Sharekh, aliyefariki dunia mwaka 2024. Ilijengwa juu ya kanuni za MSX zilizotangazwa Japani mwaka 1983, kisha ikatiwa herufi za Kiarabu katika kibodi yake na katika lugha yake ya kuandikia programu.

Ichukuliwe, kwa ajili ya hoja, kuwa Sakhr moja imefika Ole. Aliyeileta ni mzee aliyefanya kazi Muscat miaka mingi, akarudi kuzeekea katika kijiji hicho cha Wilaya ya Chake Chake, pale inapoanzia barabara ya kwenda Kengeja. Huko ugenini alikuwa akitunga mashairi ya Kiswahili na kuyaandika katika mashine hiyo kwa herufi za Kiarabu, na kuyahifadhi katika kaseti. Baadaye, katika miaka ya 2000, aliyaghani mashairi yale yale mbele ya kinasa sauti, na jamaa wakayatia katika sidii. Mzee amefariki. Ameacha mashine, kaseti zake, sidii kumi na mbili na watoto wawili. Shamba la mikarafuu limegawika kwa mujibu wa mirathi; sanduku hilo halikugawika.

Mtoto wa kiume anataka kisoma sidii kitiwe ndani ya mashine, ili maandishi ya baba yake yatokee katika kioo na sauti yake isikike kutoka sanduku lile lile. Dada yake mkubwa hataki. "Ndugu yangu," anasema, "baba hakuiacha na mdomo huo." Naye anajibu: "Dada, hakuiacha pia ili iwe bubu."

Kabla ya kuwahukumu wawili hao, inafaa kujua kazi yenyewe ni ipi. Prosesa ya Z80 iliyomo katika mashine za MSX huona kilobaiti 64 tu za kumbukumbu kwa wakati mmoja. Sidii moja hubeba takriban megabaiti 650, zaidi ya mara elfu kumi ya hizo. Sauti iliyomo katika sidii hupita kwa mwendo wa baiti 176,400 kila sekunde. Kumbukumbu yote hiyo ingejaa kabla ya nusu sekunde kutimia, kabla mghani hajakifikia kina chake cha kwanza. Kwa hesabu hiyo jambo lingeonekana muhali. Lakini mashine haihitaji kuibeba sauti. Visoma sidii vingi vya zamani vina uwezo wa kuzigeuza alama zilizomo katika diski kuwa sauti na kuitoa moja kwa moja kwa waya; kompyuta hutoa amri tu, anza hapa, simama pale. Ni kama mzee asiyeweza tena kuubeba mzigo, lakini ajuaye unapaswa kwenda wapi.

Lugha ya amri hizo nayo ina mkalimani. Wapenzi wa MSX huko Ulaya walibuni bodi za kuchomeka katika tundu la katriji, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya kundi la Sunrise, zinazoiwezesha mashine kuzungumza na diski ngumu na visoma sidii vya zama za baadaye. Fundi akitaka kila kitu kiwe ndani, huilehemu bodi hiyo kwa nyaya zinazokwenda kwenye tundu hilo. Kisha atatafuta kisoma chembamba cha kompyuta mpakato, chenye unene wa milimita 12.7. Kisoma hicho hutumia umeme wa volti 5, lakini kinapoanza kuizungusha diski hunyonya umeme kwa pupa, na kigeuzi cha umeme cha miaka ya 1980 hakikupimiwa mzigo huo. Ni lazima kisaidiwe, la sivyo kitapata joto na kuiunguza bodi ambayo haina mbadala. Mpaka hapo kila kilichofanywa chaweza kutenduliwa. Nyaya hulehemuliwa na huondolewa. Kinachobaki ni kinywa. Sidii ina kipenyo cha sentimita 12, na ili ipite ni lazima sanduku lipasuliwe mwanya mpana kuliko huo. Hapo ndipo msumeno unapoingia, na hapo ndipo ulipo ugomvi wa Ole.

Hoja ya kwanza ya anayetaka kukata ni ya umiliki: mali ni ya mwenyewe, na mwenye mali hufanya apendavyo. Hoja hii ina nguvu sokoni, ila nguvu yake hupungua nyumbani. Katika mila za pwani, si kila kilicho mkononi mwa mtu ni mali yake. Kiko kinachoitwa amana. Aliyepewa amana hukitumia, hukilinda, na hukirudisha. Kitu cha kale ambacho hakitengenezwi tena hukaribia kuwa amana hata kama hati ya ununuzi ingalipo. Baada ya Iraq kuivamia Kuwait mwaka 1990 zama za kompyuta hizo zilifikia ukingoni, na hakuna kiwanda kitakachotoa Sakhr nyingine kuziba pengo la ile iliyokatwa. Anayekata huchukua sehemu yake pamoja na ya wengine, na miongoni mwa hao wengine wamo wasioweza kumshitaki.

Hoja ya upande wa pili ni ya usafi: kiachwe kama kilivyo. Dada mkubwa anapolinda sanduku la baba yake, analinda pia alama za vidole vyake, mikwaruzo ya pembeni, herufi iliyofutika kwa kubonyezwa sana. Hayo ni mambo ya kweli na yana thamani. Lakini kuiacha mashine kabatini hakuna maana ya kuiacha kama ilivyo. Kapasita zilizomo ndani yake huvuja kadiri miaka inavyopita, na uvujaji huo huila bodi. Hewa ya Pemba ina unyevu na chumvi. Chuma hushika kutu, na kaseti na sidii huota ukungu. Kila mwaka wa kuhifadhi bila kufungua ni mwaka wa mabadiliko ambayo hakuna mtu aliyeyaamua. Asiyegusa naye anatenda, ila kitendo chake kinafanywa na hali ya hewa.

Zaidi ya hayo, asili inayolindwa si safi kama inavyodhaniwa. Sakhr yenyewe ni mashine ya kanuni za Kijapani iliyofunguliwa ikatiwa Kiarabu. Lau watu wa Kuwait wangeshikilia kwamba kitu kibaki kama kilivyobuniwa, mzee wa Ole asingekuwa na kibodi ya kuandikia. Na herufi alizoziandika zina historia hiyo hiyo. Waswahili walipoanza kuiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu walikuta sauti zisizo na makao: herufi moja ya ba ilibebeshwa b, p na mb, na msomaji akaachiwa kubahatisha. Baadaye wako waandishi walioazima kwa Waajemi ile ba ya nukta tatu chini ili p ipate nyumba yake. Kibodi ya Kiarabu ya kawaida haina herufi hiyo, na bila shaka mtunzi aliyetaka kuandika "pepo" katika mashine kama ile alilazimika kurudi kwenye ba na kumtegemea msomaji. Utamaduni wote huo wa kuandika ni mlolongo wa watu walioongeza kiungo ndani ya chombo walichokirithi.

Hapa mpenzi wa mashairi atasema kuwa mjadala huu anaujua. Ni ule ule wa arudhi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya *Kichomi*, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, walikuwepo walioona kwamba nyumba ya ushairi imebomolewa ukuta, na walikuwepo walioona kwamba imefunguliwa dirisha. Mfano huo unavutia, lakini una mpaka wake, na mpaka huo ndio unaofundisha. Bahari ya shairi haiwezi kukatwa. Mtunzi akiandika leo ubeti usio na vina, beti za Muyaka hubaki na vina vyake vyote. Hakuna hata mizani moja iliyopungua Mombasa. Umbo la shairi ni kama njia, na anayechepuka hawafungii wanaoifuata. Sanduku la Sakhr ni kitu, na kitu hukatwa mara moja. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hivyo ujasiri unaosifiwa kwa mtunzi hauhamishiki wenyewe kwa fundi: wa kwanza akikosea amekosea katika karatasi yake, wa pili akikosea amekosea katika kitu cha watu wote.

Lakini ushairi una jambo jingine la kufundisha, nalo linamuunga mkono mtoto wa kiume. Mashairi ya Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa Pemba, hayakufika mikononi mwa wasomaji wa leo kwa kukaa katika chombo kimoja. Yalikaa vifuani mwa waliohifadhi, yakakaa katika karatasi za herufi za Kiarabu, yakahamishwa kwenye herufi za Kilatini, na mwaka 2011 yakatoka kitabuni katika *Kale ya Washairi wa Pemba*. Kila mhamo ulipoteza kitu. Sauti ya mghani haimo kitabuni; pumzi yake na mahali aliposita havimo. Hata hivyo lau mihamo hiyo isingefanywa, kingepotea kila kitu. Anayesema chombo kisiguswe huenda, bila kujua, anasema kilichomo kife pamoja nacho.

Basi mizani iko wapi? Iko katika kutenganisha mambo mawili ambayo ugomvi wa Ole umeyachanganya: kuongeza na kukata. Kinachoongezwa na kuweza kuondolewa hakimnyang'anyi mtu. Kinachokatwa kimekatwa kwa niaba ya wote waliopo na watakaokuja. Fundi muadilifu ataongeza bila woga na atakata kwa dharura tu, baada ya kujiridhisha kuwa hakuna njia nyingine. Na njia nyingine mara nyingi ipo. Kisoma kinaweza kukaa nje, katika kijisanduku chake, na kuunganishwa kwa waya. Dada angeridhika. Kaka atajibu kwamba kilicho nje hupotea: waya huazimwa, kijisanduku huhamishwa chumba, na baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka kuwa viwili hivyo ni kimoja. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Umoja wa mwili nao ni aina ya hifadhi.

Kuna njia ya tatu, na inafanana na mahali penyewe. Kisiwa hiki hakikosi maseremala. Sanduku la plastiki laweza kuvuliwa zima, likafungwa kwa kitambaa na kuwekwa pakavu, na bodi, kibodi na kisoma vikahamia katika sanduku la mbao lililochongwa kwa vipimo vyake, lenye kinywa tangu kuchongwa kwake. Hakuna kitakachokuwa kimekatwa. Siku yoyote mtu akitaka, mashine itarudi katika ngozi yake ya zamani. Msomaji makini atauliza: je, ile ya mbao bado ni Sakhr ya mzee? Jawabu la kweli ni kwamba si yote. Mkono uliozoea plastiki ile utalijua hilo mara moja. Hakuna njia isiyo na gharama. Lakini gharama ya njia hii inalipwa na walio hai, nayo yaweza kurudishwa. Gharama ya msumeno inalipwa na wasiokuwepo, wala hairudi.

Pamoja na hayo liko sharti ambalo hupuuzwa hata na mafundi hodari: daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kitu kilichobadilishwa bila kuandikwa humdanganya anayekuja baadaye, hata kama kazi yenyewe ni nzuri, kwa sababu atadhani kiungo kile kilikuwepo tangu mwanzo. Atajenga elimu yake juu ya kosa. Karatasi moja iliyobandikwa chini ya kifuniko, ikitaja kilichoongezwa, waya upi unakwenda wapi na mwaka gani kazi ilifanywa, hugeuza uvumbuzi kuwa ushahidi. Wanakili wa zamani walijua adabu hii; mwisho wa muswada waliandika majina yao na tarehe, ili neno la mtunzi lisichanganyike na mkono wa mnakili.

Na liko jambo moja linalotangulia yote, ambalo kaka na dada, kwa kushughulishwa na sanduku, wanaweza kulisahau. Kisoma sidii chenyewe ni kitu cha kale. Kompyuta nyingi mpya haziji nacho tena. Kioo chake hushika vumbi, na taa yake ya leza huchoka. Sidii zilizorekodiwa nyumbani hutegemea rangi inayofifia kwa joto na mwanga, na nyingi za miaka ya 2000 zimeshaanza kukataa kusomeka. Anayetia kisoma sidii ndani ya Sakhr anaongeza kizee ndani ya kizee. Hakuna ubaya katika hilo, maadamu hajidanganyi kwamba amehifadhi. Sauti ya mzee ni ya kunakiliwa kwanza, kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa, na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja: Ole, Muscat, popote walipo jamaa. Kaseti zake nazo zichezwe na kunakiliwa, kwa kuwa ndimo maneno yaliposhika umbo. Umeme uliofika Pemba mwaka 2010 kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga unatosha kwa kazi hiyo. Kinachohitajika ni siku chache na mtu anayejali. Hapo fundi akikosea, kitakachoharibika ni chombo, na kilichomo kitakuwa kimesalimika.

Baada ya hapo ruhusa inapatikana, tena kwa wasaa. Mashine iliyoandikiwa mashairi haikosewi heshima kwa kuwashwa ili mashairi yasomwe, wala baba hakosewi adabu kwa sauti yake kusikika sebuleni kwake. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Lakini hawakukataza kuutia mbachao kiraka. Dada ana haki ya kudai kwamba hakuna kitakachokatwa. Kaka ana haki ya kudai kwamba hakuna kitakachonyamazishwa. Fundi aliyewasikia wote wawili ataanza kwa kunakili, atachonga mbao badala ya kupasua plastiki, na atakapolifunga sanduku ataacha ndani yake karatasi yenye tarehe na maelezo ya kazi yake, na chini ya maelezo hayo nafasi tupu, ya kutosha mtu mwingine kuandika yake.